Tarakimu Ishirini

Kwa shilingi hamsini nimetumiwa namba
ambayo ukiihesabu moja moja, kila sekunde moja,
bila kulala, bila kumeza mate,
utaifikia baada ya miaka trilioni mbili.
Ndani yake mna uniti mbili zisizotimia:
za taa, na za pasi ya sare nne za Jumatatu.

Kerubo aliishika simu kabla yangu.
Ana miaka kumi na mitatu, na ugonjwa wake ni huu:
hapiti namba bila kuisalimu.
Akaruka moja, akajumlisha, akaruka moja, akajumlisha.
Za nafasi witiri, arobaini na mbili.
Za nafasi shufwa, arobaini na mbili.
"Mama, zimelingana! Inagawanyika kwa kumi na moja!"
Nikamwambia itagawanyika vizuri zaidi mita ikishaimeza.
Nikainakili kwa chaki ya fundi juu ya kadibodi,
jicho moja kwenye namba, jingine kwenye betri,
na simu ikazimika.

6710 0382 9615 5572 6641

Mita ikakataa.
Nikabonyeza tena, polepole, kama anayemlisha mgonjwa.
Ikakataa.
Kariobangi nzima ina stima, giza ni letu peke yetu.

"Zijumlishe zote," nikasema, nikijitia ualimu.
Themanini na nne.
Na kwenye simu? Themanini na nne vilevile.
Basi ni ile ile, inagawanyika kwa tatu, shida ni mita.
"Tatu haisaidii, Mama. Tatu huhesabu vichwa tu.
Haijui nani kakaa wapi."

Hapo nikanyamaza.
Karani alipita mwezi wa nane na daftari lake:
mko wangapi humu? Wanne.
Mwaka juzi? Wanne.
Akaandika, akashuka ngazi.
Okemwa alihamia Ruiru na randa zake na misumeno,
mama yake, si wangu, akaja kutoka Nyamira
na kikapu cha wimbi,
akalala upande ule ule wa kitanda.
Wanne kwa wanne. Salio, sifuri.

Mwanangu ameshawasha mshumaa.
Witiri sasa arobaini na saba, shufwa thelathini na saba.
"Pengo ni kumi, nusu yake tano.
Umewabadilisha majirani wawili, Mama,
wanaopitana kwa tano,
mkubwa amekalia kiti cha witiri."
Alisema "umewabadilisha" bila ubaya wowote.

Akapita na mwanga mlango kwa mlango.
Sita na saba, siyo. Moja na sifuri, siyo.
Tatu na nane: hawa!
Tukawarudisha, tukabonyeza zote ishirini.
Ikakataa.
Bibi akaguna gizani kwamba zamani taa ilitaka mafuta tu,
haikumuuliza mtu hesabu.
Tisa na mbili, wanapitana kwa saba. Tano na tano, hakuna kitu.
Saba na mbili.

Nilikumbuka basi: nilipofika pale simu ilikuwa inapepesa,
nikaandika saba kwanza kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwanza.

Mbili na saba.

Mita ikatulia kidogo, kama mtu anayetafuta jina lako,
kisha taa ikatukuta kila mmoja alipokuwa:
Bibi ukingoni mwa kitanda,
Momanyi chini ya meza na kiatu kimoja,
mimi na chaki kidevuni.

Nilichomeka pasi.
Kerubo hakuinuka. Ameigawa kwa tatu,
kisha kwa kumi na moja, pembezoni mwa kadibodi,
jasho puani, mpaka ikaisha bila kubakisha:

2033344938228947777

"Tazama mwishoni," akasema.
Saba nne, bega kwa bega.
"Hawa hata ukiwabadilisha usiku kucha,
kumi na moja haitajua."
Nikatazama.
Sare ya kwanza ikaanza kunuka joto.